Kazi ya Jaji Mbele ya Neno la Sheria

Shauri la Liversidge na Anderson, lililoamuliwa na Baraza la Malordi la Uingereza tarehe 3 Novemba 1941, husomwa zaidi na wanasheria, kwa kuwa lahusu mipaka ya mamlaka ya serikali wakati wa vita. Hata hivyo kiini chake ni swali la lugha, na kwa hiyo wataalamu wa lugha nao wana haki ya kulipima. Robert Liversidge alitiwa kizuizini mwaka 1940, bila kushtakiwa, kwa amri ya Sir John Anderson, Waziri wa Mambo ya Ndani. Kanuni ya 18B ya Kanuni za Ulinzi za mwaka 1939 ilimruhusu waziri kutoa amri ya namna hiyo endapo ana sababu ya haki ya kuamini kwamba mtu ana asili au uhusiano wa kiadui. Liversidge alidai kuwa amefungwa isivyo halali, akataka sababu hiyo idhihirishwe.

Malordi wanne kati ya watano walimkatalia. Kwa maoni yao yatosha waziri mwenyewe akiamini kwa nia njema kuwa sababu anayo. Lord Atkin peke yake alipinga. Kuwa na kitu, alisema, si kudhani kuwa unacho: kanuni ikimtaja mtu aliyevunjika kifundo cha mguu, haimtaji yule anayedhani tu kwamba amevunjika. Akaongeza kwa kejeli kwamba ushahidi pekee alioujua wa kuitetea tafsiri ile ni Humpty Dumpty wa Lewis Carroll, ambaye kwake neno humaanisha lile alitakalo mwenyewe.

Kiswahili chaweza kuwa mizani ya hoja hiyo. Kuna tofauti iliyo wazi baina ya "waziri akiwa na sababu" na "waziri akiona kuwa ana sababu". Kauli ya kwanza yaeleza hali ambayo mtu mwingine aweza kuichunguza. Ya pili yaeleza mawazo yaliyomo kichwani mwa waziri. Anayetaka kuifasiri hukumu ya wale wanne kwa Kiswahili hana budi kutia kitenzi ambacho hakimo katika kanuni yenyewe. Hapo ndipo kasoro yao huonekana: walidai kusoma, kumbe waliandika.

Historia ya kanuni nayo yawashuhudilia vibaya. Hapo kwanza kanuni ilimtaka waziri aridhike tu. Wabunge walilalamika mwezi wa Oktoba 1939, na mwezi uliofuata maneno yakabadilishwa. Kurudisha maana ya maneno yaliyokwisha kufutwa ni kuyafanya mabadiliko hayo kuwa kazi bure.

Si haki kusema kwamba malordi wale hawakuijua lugha yao. Walikuwa na hoja nzito: nchi ilikuwa vitani, habari zenyewe ni za siri, na waziri huwajibika Bungeni. Lakini hoja hizo zamfaa mtunga sheria, hazimfai msomaji wake. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mahakama haikuwekwa ili kupisha. Mwaka 1980, katika shauri la Rossminster, Lord Diplock alikiri kwamba wale wanne walikosea, ingawa labda kwa wakati ule walistahili udhuru.

Je, jaji awe mtumwa wa herufi? La. Katika shauri la Ephraim na Pastory, lililoamuliwa Mwanza mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliikataa kanuni ya mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Kwa herufi ya kanuni ile, mwanamke angeshindwa. Lakini Jaji hakujitungia mlango: Katiba ilikuwa imetangaza usawa, na sheria ya mwaka 1984 iliziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Tofauti ni hiyo. Mwalusanya aliivuka herufi kwa idhini ya neno lililo kuu zaidi. Malordi wanne waliivuka bila idhini ya neno lolote.

Jambo hili sasa lawagusa wataalamu wa Kiswahili kwa karibu. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, hutenga waziwazi kazi iliyo lazima na ile iliyo hiari. Lakini utengano huo ulijengwa juu ya maneno mawili ya Kiingereza. Katika Kiswahili, "Waziri atatoa kibali" yaweza kuwa amri au habari ya wakati ujao, na "Waziri aweza kutoa kibali" yaweza kuwa ruhusa au uwezo tu. Mwandishi wa sheria akisema "lazima atoe" au "ana hiari ya kutoa", utata hupungua. Asipofanya hivyo, jaji atalazimika kuchagua, na kila achaguapo uhuru au mali ya mtu huwa katika mizani. Basi na achague kwa kufuata sarufi, muktadha na Katiba, na aeleze sababu za uchaguzi wake, ili kila asomaye aweze kumpima kama Atkin alivyowapima wenzake.