Msitu kama Chuo: Burma, Eastlands na Mlima Kenya katika Tawasifu ya Waruhiu Itote

Utangulizi

Tawasifu za wapigania uhuru wa Kenya zimehakikiwa zaidi kama hati za kihistoria kuliko kama kazi za fasihi. Kwa sababu hiyo msitu, ambao ndio mandhari yao kuu, huchukuliwa kuwa maficho tu. Makala haya yanachunguza Mau Mau General (1967) ya Waruhiu Itote, Jenerali China, na kudai kwamba katika kazi hiyo msitu ni chuo. Maarifa yake yalipatikana ugenini, yakapevuka katika mitaa ya Waafrika jijini Nairobi, kisha yakatumiwa Mlima Kenya.

Darasa la Ugenini

Itote, aliyezaliwa mwaka 1922, hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Aliingia jeshi la KAR mwaka 1942 na kupelekwa Burma, Myanmar ya leo. Huko, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katikati ya tope na malaria. Hata hivyo, somo zito la Burma si kuvizia adui. Ni mazungumzo: askari Mwingereza anamshangaa Mwafrika anayepigania nchi isiyo yake, na huko Calcutta Mmarekani Mweusi anamfungua macho kuhusu hatima ya watu weusi baada ya vita. Msitu unamfunza mhusika namna ya kupigana. Wanadamu wanamfunza sababu.

Msuko huu una uzito wa kisiasa. Propaganda ya kikoloni ilidai kwamba kuingia msituni kulikuwa kurejea ushenzini. Tawasifu inajibu bila kupayuka: aliyeingia msituni mwaka 1952 alikuwa mhitimu wa vita vya dola lile lile lililomshutumu. Wala maarifa hayo hayakuhamishwa kama mche. Msitu wa Mlima Kenya, wenye baridi na mianzi, si ule wa Burma wenye joto. Kilichovuka bahari si ramani bali nidhamu.

Mitaa Iliyo Katikati

Baada ya vita Itote alikuwa mchochea moto wa gari moshi mjini Nairobi, akajiunga na kundi la Anake a Forty. Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni ndizo zilizokuwa kiungo kati ya misitu miwili: huko askari aliyerudi mikono mitupu alikutana na kibarua asiye na kazi, na manung'uniko ya mtu mmoja yakawa msimamo wa wengi.

Hapa ndipo udhaifu wa kazi unapojitokeza. Msitu umesawiriwa kwa kina, ilhali mitaa inapitwa kwa haraka; waliopeleka chakula, dawa na risasi, wakiwemo wanawake, wamebaki vivuli. Sehemu ya ukimya huo ina sababu ya kihistoria. Itote alikamatwa Januari 1954. Operesheni Anvil ilianza tarehe 24 Aprili, nayo ikawatia vizuizini zaidi ya watu 20,000. Msimulizi hakuwapo Eastlands ilipozingirwa. Lakini sababu nyingine ni ya kifani: tawasifu ya jenerali humweka jenerali katikati, na mtaa hauna jenerali.

Suala la lugha linaongeza uzito. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika KAR na lugha ya kila siku Pumwani, lakini kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Daraja lililounganisha Burma na Eastlands limo kitabuni, ila sauti yake haisikiki.

Ulinganisho na Carcase for Hounds (1974) ya Meja Mwangi unafaa. Katika riwaya hiyo mvua na msitu vinammaliza Jenerali Haraka polepole. Msitu haufunzi, unameza. Itote aliandika akiwa amenusurika. Hata gerezani Lokitaung, alikofunzwa Kiingereza na Kenyatta, aliendelea kuwa mwanafunzi.

Hitimisho

Mau Mau General inastahili kusomwa kama tawasifu ya masomo. Thamani yake ni kuonyesha kwamba ukombozi hujifunzwa. Upungufu wake ni kuwasahau wanadarasa wengine. Jina la Burma lingali linatajwa kila siku katika soko la nyama karibu na Shauri Moyo. Mhakiki anayetafuta sura iliyokosekana katika kitabu hiki ataanzia huko, si mlimani.