Pongezi kwa wenye plau wa Glorantha

Katika Glorantha, ulimwengu wa kubuni ambao Mmarekani Greg Stafford alianza kuuandika mwaka 1966, sifa nyingi humwendea Orlanth, mungu wa dhoruba na mfalme wa miungu. Pongezi zangu nampa mwanawe, Barntar, mungu wa wanaume wanaolima. Waumini wake hushika plau, huswaga maksai na kuyaombea mashamba baraka. Ardhi yenyewe ni ya Ernalda, mama yake Barntar, na wanawake wanaomtumikia. Uchawi huko si siri ya waganga peke yao: hata mkulima wa kawaida hujua maneno mawili matatu ya nguvu ya kumfaa kazini. Watunzi wengi wa hadithi za namna hii husahau nani anawalisha mashujaa. Stafford hakusahau, na kwa hilo amewapita.