Kijana Asiyekimbilia Kuzima Rauta

Saa nne usiku Mombasa ni saa nane mchana Toronto wakati wa baridi, na hiyo ndiyo saa ambayo dada yangu hutaka kuona harusi. Si harusi za watu, ni zetu: kanda za VHS ambazo mwana wa kaka yangu alizihamisha moja moja hadi kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi iliyokaa chini ya meza ya televisheni. Ndani yake ameweka Jellyfin, programu huria iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya programu ya Emby kufunga msimbo wake, na jamaa waliotawanyika huifungua wakatazama. Usiku mmoja ukaingia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, yazunguka tu."

Mimi ningezima rauta nikaiwasha. Ndiyo dawa pekee niijuayo. Kijana alivuta daftari, akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi. Yazunguka tangu mwanzo, au yaanza kisha yakwama?"

Swali hilo nimemsikia akiliuliza mara nyingi, na nilidhani ni la kupoteza muda. Silo. Video inayocheza dakika mbili kisha ikasimama ina njaa: yanayofika ni machache kuliko yanayoliwa. Hapo yeye huchukua kalamu. Harusi ya mwaka jana, ambayo si ya kanda, ni faili la gigabaiti 9 kwa saa mbili. Zidisha kwa nane upate gigabiti 72, gawanya kwa sekunde 7,200, jibu ni megabiti 10 kila sekunde. Kama laini ya nyumbani inapandisha megabiti 5 tu, hakuna dua itakayoisukuma picha ile. Na ni kasi ya kupandisha ndiyo yenye neno hapa, si ile ya kupakua inayochapishwa kwa herufi kubwa kwenye mabango.

Lakini video isiyoanza kabisa ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi mkalimani amechoka. Kamera nyingi za leo hurekodi kwa H.265, kodeki ya 2013, na televisheni ya ukumbini kwa mtu pengine inaelewa H.264 ya 2003 peke yake. Basi seva, yaani kompyuta ile ya chini ya meza, inalazimika kufasiri picha moja baada ya nyingine huku mtazamaji akingoja, na prosesa inahema. Intel ilianza mwaka 2011 kuweka ndani ya chipu zake sehemu maalumu ya kazi hiyo, na kijana aliichagua kompyuta ile kuukuu kwa sababu hiyo hiyo, si kwa urahisi wa bei. Kuna hata siku mjomba mmoja alilalamika filamu ya Kimisri imekataa, kijana akamwambia azime maandishi ya tafsiri tu. Ikacheza. Maandishi yanayotoka kwenye diski huwa ni picha, si herufi, na kifaa kisichoweza kuyaonyesha huilazimisha seva iyachome juu ya kila fremu. Mjomba mpaka leo anaamini ulikuwa uchawi.

Usiku ule haikuwa njaa wala uchovu. Prosesa ilikuwa imetulia kama bahari ya kusi iliyokatika. Programu ya dada ilionyesha seva ipo, ila mabango ya filamu yalibaki vibandiko vya kijivu. Nilitazamia kijana aanze kubofya. Hakugusa kitu. Akauliza, "Shangazi, uko nyumbani kwako?"

"La, mwanangu, niko kwa mwanangu wa kike. Kwani wajua vipi?"

Akaandika: *intaneti nyingine*.

Laini yetu haina anwani ya kwake yenyewe. Rauta inaonyesha anwani inayoanza na 100.72, na zile za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni moja iwafiche wateja wengi nyuma ya mlango mmoja. Aliye nje hana pa kubisha hodi. Kwa hiyo kijana amechimba njia ya WireGuard hadi kwenye seva ndogo ya kukodi Ulaya, na jamaa hupitia huko. Njia hiyo hufunga kila pakiti ndani ya bahasha nyingine, na bahasha ina unene wake.

Akakaa mbele ya skrini nyeusi, akatuma pakiti ya majaribio ya baiti 64 hadi kwenye simu ya dada. Ikajibiwa. Akatuma ya 1,420, akakataza isikatwe njiani. Kimya. Akapunguza. Kimya. Akapunguza tena, akingoja kila mara majibu matatu yaje au yasije, chai ikipoa pembeni. Ilipokaribia 1,300 zikaanza kurudi, moja, mbili, tatu. Salamu zilikuwa zikipita na mizigo ikitupwa njiani bila mtu kuarifiwa. Ndiyo maana seva ilionekana hai na picha haiji.

Akaweka kikomo cha ukubwa wa pakiti, MTU, kuwa 1,280, kipimo ambacho kila njia ya IPv6 lazima iweze kukibeba. Mabango yakajaa rangi. Dada akapiga kigelegele.

Mimi nilikwisha kuinuka niende kulala. Yeye akarudisha 1,420. Vibandiko vikawa vya kijivu tena, na dada akamlaumu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. "Nisamehe, shangazi, kidogo tu." Akaweka 1,280 mara ya pili, picha zikarudi.

"Ami," akaniambia, "ningeacha pale mwanzo, ningejua tu kwamba imepona. Singejua ni nini kilichoiponya."

Nimewaona mafundi wengi wa mashua, wa redio na wa cherehani, na wachache sana kati yao waliokubali kuivunja tena kazi iliyotengenea huku mteja akitazama. Huyu ana miaka ishirini na minne.

Daftarini aliandika mstari mmoja: *MTU 1280. Shangazi yuko kwa bintiye.* Kisha akainywa ile chai, baridi hivyo hivyo.