Binti na Mzee katika Sala ya Jioni
Kwaya za makanisa makuu ya Uingereza zinastahili pongezi kwa kuutunza muziki wa Sala ya Jioni wa Charles Villiers Stanford katika G meja, uliochapishwa mwaka 1904.

Wimbo wa kwanza, ule wa binti Maria wa Biblia, humwachia mwimbaji mmoja, kwa desturi mvulana ambaye sauti yake bado haijawa nzito, aelee juu ya kwaya nzima. Chini yake kinanda hakitulii: noti nyepesi zinakimbia, zinapanda na kushuka, na wengi husikia humo gurudumu la kusokotea uzi, kana kwamba Maria yuko kazini. Wanakwaya wenzake humjibu bila kumfunika. Ugumu uko hapo hapo, maana mtoto huyo hana pa kujificha, na mpiga kinanda akizidisha nguvu kidogo tu, anammeza.

Kisha zamu ya besi.

Wimbo wa pili, ule wa mzee Simeoni, huimbwa na mtu mzima, polepole, kwaya ikimsindikiza kwa upole. Stanford, mzaliwa wa Dublin, alimpa kila mhusika sauti ya umri wake, uamuzi wa kiufundi unaogusa moyo kuliko mapambo yote ya kazi hii.