Majina ya Ugogo: sauti kwanza, maana baadaye

Ukimuuliza mzee wa Dodoma, mji ulio Ugogo, nchi ya Wagogo, jina la mji lilikotoka, huenda akakupa habari ya tembo aliyekwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa topeni na kudidimia. Watu wakasema kwa Kigogo idodomya, yaani amezama. Mwingine atakupa habari ya ng'ombe wa wizi: wezi waliwala, wakachomeka mikia kwenye tope, kisha wakawaambia wenye mali kwamba mifugo imezama. Mkusanyaji mwenye haraka huchagua simulizi moja, akaijaza penye "maana" na kufunga daftari.

Ukizilinganisha, mnyama ni mwingine na wahusika ni wengine, ila kitenzi hakibadiliki, wala tope. Hayo yanayokubaliwa na pande zote ndiyo ya kushika. Yaliyobaki ni masimulizi, yaandikwe kila moja peke yake, pamoja na msimulizi wake na kijiji chake.

Mfano wa kutoitanguliza maana upo kwingine. Wapimaji ramani wa Scotland katika karne ya 19, walipokuta majina ya Kigaeli, walitumia daftari la safu tano: jina la kwenye ramani, tahajia mbalimbali, mashahidi wa kila tahajia, mahali lilipo, na maelezo. Maana haikupewa safu yake. Ikijulikana, iliingia kwenye maelezo. Udhaifu ulikuwa kwenye safu ya mashahidi: neno la mwenye shamba au kasisi lilipewa uzito kuliko la mkulima aliyelitamka jina hilo kila siku.

Ugogo unahitaji mno safu ya tahajia. Kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma huandikwa Ng'hong'onha, pengine Ng'ong'ona. Hizo h si pambo, ni pumzi inayosikika katika matamshi ya Kigogo. Ukiziondoa, anayetafuta asili ya jina atafuata neno lisilokuwapo. Vivyo hivyo Mpwapwa, ambayo Wagogo huiita Mhamvwa. Tena Kigogo husema chi- pale Kiswahili kinaposema ki-, kwa hiyo Kikuyu ya Dodoma iwekwe sambamba na Chikuyu ya Manyoni kabla ya kuamua lolote. Kwa Wasandawe wa Chemba, ambao lugha yao ina vidoko, abjadi ya Kiswahili haitoshi kabisa. Pasipo sauti iliyorekodiwa, jina limeandikwa nusu.

Shahidi wa maandishi naye asisahauliwe. Kitabu cha Mathias Mnyampala cha 1954 kuhusu historia na mila za Wagogo kilitangulia uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, hivyo kinatupa tahajia ya kulinganisha na ya leo.

Kazi hii haiwezi kungoja: operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilisimamisha vibao mitaani, na kinachosomeka kwenye kibao ndicho watoto watakachojifunza. Mpangilio wa kazi basi uwe huu: rekodi mchunga mifugo au mkulima wa mahali hapo akilitamka jina, chukua latitudo na longitudo, orodhesha tahajia zote, ndipo uulize maana. Majibu yakiwa matatu, andika yote matatu.