Insha ya Likizo na Ukweli Wake

Kutunga ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mkono. Mtu asiyetazama hana la kuandika, hata awe na maneno mengi kama mchanga wa pwani. Nimetanguliza neno hili kwa sababu nakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari amepata kuiandika, na ambayo wahakiki huipita bila kuitupia jicho. Nayo ni insha ya likizo. Insha hii yaonekana kuwa kitu kidogo, lakini kwa vijana wengi ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtu huulizwa habari za nafsi yake mwenyewe: alikusudia nini, alipenda nini, na alikosa nini. Namna anavyoyajibu maswali hayo matatu huonyesha kadiri anavyoyathamini maisha yake.

Tumtwae mwanafunzi wa Thika au wa Ruiru awe mfano wetu. Insha yake ya kawaida huanza alfajiri, majogoo yakiwika. Mtungaji hudamka akiwa na furaha ghaya, husafiri hadi Mombasa, huona bahari, hula samaki, hupiga picha na jamaa zake, kisha hurudi salama salimini. Katika insha hiyo jua hutabasamu kila siku wala mvua hainyeshi. Hakuna aliyekosa nauli, hakuna aliyegombana na nduguye, wala hakuna aliyetumwa dukani. Ukizikusanya insha arobaini za darasa moja na kuyafuta majina ya watungaji, hata mama mzazi hataitambua ya mwanawe. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza ya insha hizo. Si kwamba lugha yake ni mbaya, maana mara nyingi lugha imepambwa sana. Ni kwamba hazina mwenyewe.

Na likizo yenyewe ilikuwaje? Mwezi wa Novemba na wa Desemba, shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, ndio wakati wa mavuno makuu ya kahawa katika nchi ya Kiambu. Kijana ambaye kwao kuna mashina machache ya kahawa huamshwa mapema kwenda kuchuma. Matunda mekundu hutengwa na mabichi juu ya gunia, hupimwa kwa debe, na hupelekwa kiwandani siku ile ile, kwa maana yakilala huharibika. Mwenzake wa Ruiru huenda asilione shamba. Miji hii imebadilika mno tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru na wakazi 490,120, na mahali palipokuwa na kahawa pamesimama majumba ya ghorofa. Kijana huyu hushinda katika vyumba viwili pamoja na wadogo zake, akiwaangalia mpaka wazazi warudi kazini, akibeba madumu ya maji ngazi kwa ngazi mifereji inapokauka. Safari ya kwenda kwa nyanya yake ilikuwa imeahidiwa, lakini nauli hupanda Krismasi inapokaribia, na ahadi ikaahirishwa.

Habari hizi zote huachwa nje ya insha. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na usiku utaulalia; msala mzuri wa mpita njia utaondoka naye. Mwanafunzi anayeziacha siku zake halisi na kuazima safari ya Mombasa ambayo hakuisafiri amefanya biashara hiyo ya hasara. Na hasara yenyewe haiishii kwenye alama za mwalimu. Anayezoea kuyaficha maisha yake kwenye karatasi huishia kuamini kuwa hayafai kutazamwa.

Huenda msomaji akauliza: Je, mambo ya nchi ndogo kama yetu yaweza kuwa kitabu? Jibu limo katika kitabu kilichoubeba mji wa Thika katika jina lake, The Flame Trees of Thika, kilichotungwa na Elspeth Huxley na kutolewa mwaka 1959. Mtungaji alizaliwa Uingereza mwaka 1907, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo wakati wazazi wake walipokuja kupanda kahawa karibu na Thika, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu chake hakina wafalme wala mashujaa. Kina vumbi, mkokoteni wa ng'ombe, nyumba ya nyasi, miche inayongojewa izae, na matumaini ya watu wazima yanayotazamwa na mtoto anayesikia mengi kuliko wanavyodhani. Nguvu yake ni kutazama vitu vidogo kwa subira na kuviita kwa majina yake.

Lakini uhakiki wa haki hutaja na upungufu. Mtoto wa kitabu hicho aliitazama Thika kutoka katika nyumba ya walowezi. Wakikuyu waliolima, waliobeba na waliopika wamo, lakini twawaona jinsi walivyoonekana na waajiri wao. Mawazo yao kuhusu ardhi ile, waliyoijua kabla ya mgeni kufika, hatuyapati ila kwa kuchungulia. Wala hili halipunguzi ustadi wa mtungaji. Laonyesha kwamba kila jicho lina mahali liliposimama. Watoto wa rika lake waliozaliwa kando ya mito ya Chania na Thika hawakuiandika siku ile kama walivyoiona wao, na kurasa zao zimepotea. Mwanafunzi wa leo anayekataa kuandika siku zake huongeza hasara hiyo kwa hiari yake.

Mfano wa pili watoka karibu vile vile. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki dunia mwaka 2025, alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu kuanzia mwaka 1955 hadi 1958. Limuru, Kikuyu, Ruiru na Thika zote zimo katika Kaunti ya Kiambu ya leo. Katika kitabu chake In the House of the Interpreter, kilichotolewa mwaka 2012, ameandika habari za likizo yake ya kwanza. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Kijana alimaliza muhula akarudi nyumbani kwa furaha, asiikute nyumba. Kijiji kilikuwa kimebomolewa, na watu wamehamishwa kwa amri ya serikali ya kikoloni waishi katika kijiji kipya chenye ulinzi. Hapana mwanafunzi aliyewahi kuvunjwa moyo na likizo kuliko huyo.

Angalia basi jinsi mtungaji alivyoyachukua majonzi yale. Hakuyapigia kelele, wala hakuyapamba kwa tamathali nzito. Alituonyesha kijana anayetazama mahali palipokuwa na kwao, na pengo lenyewe likasema. Hapa twapata tofauti kubwa kati ya lalamiko na maelezo. Lalamiko husema, "Likizo yangu ilikuwa mbaya sana, nilihuzunika kupita kiasi," na msomaji hana la kushika. Maelezo huonyesha kitu kilichokosekana, na msomaji huhuzunika bila kuamrishwa. Kijana wa Ruiru hana haja ya msiba mkubwa kama ule ili aandike vema. Nguo alizokwisha kuzipanga kwa safari, kisha akazirudisha sandukuni moja moja jioni ile nauli ilipokosekana, zatosha kuwa insha, maadamu ameziona.

Kitabu hicho chatufunza na habari ya uraibu. Insha zetu hutaja uraibu kama bidhaa za dukani: "Napenda kusoma vitabu, kuogelea na kusikiliza muziki." Maneno hayo hayana uhai, kwa kuwa hayasemi kitabu gani, mto gani, wala wimbo uliomfanya nini. Ngũgĩ naye alipenda kusoma, na miongoni mwa vitabu alivyovisoma shuleni vilikuwamo visa vya Biggles, rubani shujaa wa Kiingereza. Lakini hakukomea hapo. Alikumbuka kwamba ndege za Waingereza zilikuwa zikidondosha mabomu katika misitu ambamo kaka yake mwenyewe alikuwa akipigana. Raha ya kusoma na uchungu wa nyumbani vikakutana katika moyo mmoja. Hivyo ndivyo uraibu unavyoandikwa: kwa kuuliza jambo ulipendalo limekufanya nini, na limegongana na nini katika maisha yako.

Limesalia swali la malengo. Mwanafunzi hupenda kuanza likizo kwa ratiba kubwa ukutani: kusoma saa sita kila siku, kumaliza vitabu kumi, kuwa wa kwanza muhula ujao. Juma la pili ratiba hubanduka, na mwenyewe hujidharau. Kosa haliko katika kutaka makubwa. Liko katika kutaja matokeo bila kutaja kazi. Pale pale Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa. Wataalamu wake walitaka mkahawa utakaohimili ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa mtini pamoja na kutu ya majani. Walijua adui wao kwa jina, wakachanganya mbegu na kungoja miti ikue, kisha wakachagua tena, mpaka mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11. Mwanafunzi anayepita kando ya mashamba hayo anacho kielelezo cha lengo jema: liwe moja, lijulikane mipaka yake, na lipewe muda. "Nitaelewa hesabu za uwezekano kabla ya Krismasi, kwa maswali matatu kila usiku wadogo zangu wakisha kulala," ni lengo dogo kwa masikio, lakini lina mikono na miguu. Tena limeijua nyumba ya mwenyewe. Halikujifanya kwamba wadogo zake hawapo.

Nitajibu na pingamizi tatu. Ya kwanza husema kwamba mtahini hupenda lugha ya fahari. Ni kweli kwamba methali na misemo ina heshima yake, na mwanafunzi asiyeijua ni maskini wa lugha. Lakini pambo huvikwa kiungo. Huwezi kumvika mkufu mtu asiye na shingo. Kwanza pawe na jambo, ndipo litafutiwe vazi. Ya pili husema kwamba kubuni kunaruhusiwa. Naam, tena kunahitaji sifa. Hadithi ya kubuni si uongo. Bali hata mbunifu hujenga kwa udongo alioushika, na aliyewahi kubeba dumu la maji ataweza kumbunia mtu mwingine mgongo unaouma. Ya tatu ndiyo nzito: baadhi ya mambo ya nyumbani ni siri, na heshima ya wazazi yataka yafunikwe. Nakubali. Kusema kweli si kusema yote. Mtungaji mwenye adabu huchagua, naye anaweza kunyamaza bila kudanganya. Kisicho halali kwake ni kuziba mahali pa siri kwa safari ya uongo.

Tena mwanafunzi asidhani kwamba kila fadhaa ya likizo ni kosa lake. Nyingine zina sababu nje yake, na insha ni mahali pema pa kuitafuta sababu. Kwa mfano, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kutiwa katika masomo ya likizo, kwa kuwa wakubwa walitambua kwamba kijana huhitaji kupumzika na kukaa na watu wake. Anayeijua sheria hiyo ataandika juu ya mapumziko yake kama mwenye haki, wala si kama mwombaji. Vivyo hivyo anayeuliza kwa nini nauli hupanda Desemba, au kwa nini mifereji hukauka katika ghorofa mpya, ametoka katika kunung'unika akaingia katika kufikiri.

Basi, ewe mwanafunzi, utakapopewa tena karatasi na kuambiwa uandike juu ya likizo yako, usikimbilie Mombasa isipokuwa ulikwenda. Keti kwanza, ukumbuke siku moja tu, nayo iwe yako. Uliamshwa na nani? Mikono yako ilishika nini? Ulitaka nini siku hiyo, na ni nini kilichokuzuia? Andika jibu kwa maneno yanayolitosha, kisha tafuta methali kama ipo inayolifaa. Mito miwili ya Thika huporomoka kwenye maporomoko yake kila siku, watu wakaitazama wasiitazame. Siku zako haziko hivyo. Ukizipuuza zitakwenda, na hapana mwingine aliyekuwapo pale uliposimama wewe.