Shaba Iliyomo Ndani ya Fedha

Ushairi wa pwani umezoea kujiita pambo. Shaaban Robert alikiita kitabu chake kimoja Pambo la Lugha na kingine Almasi za Afrika. Kabla yake, Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi alioutunga mwaka 1858, alimuusia bintiye dini na ndoa, na hakusahau kumtajia pete, hina na wanja. Si ajabu, basi, kwamba washairi waliofuata wameazima mizani ya sonara wakapimia watu. Dhahabu imekuwa mapenzi ya kweli, fedha imekuwa utu, na shaba, maskini, imepewa kazi moja tu ya kuwa mwongo. Mpenzi haini ni shaba. Rafiki mnafiki ni shaba iliyochovywa dhahabu. Na shairi lisilo na vina, kwa ulimi wa baadhi ya wanajadi, ni bati.

Sitiari hii ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya lugha bali ya ujuzi. Mtunzi ameliona pambo likiwa dukani. Hakuliona likiwa motoni. Dhahabu tupu ya karati 24 ni laini mno, na pete yake hukwaruzika na kupinda kwa kazi za kila siku. Ndiyo maana sonara huitia shaba na fedha. Karati 22 ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, na karati 18 ni robo tatu tu. Robo iliyobaki ndiyo inayozipa nguvu zile tatu. Hata wekundu unaosifiwa katika baadhi ya dhahabu hutokana na shaba. Lehemu nayo, inayounga pingili za mkufu, huongezwa shaba au zinki ili iyeyuke kabla ya mkufu wenyewe. Bila ya madini hayo yaitwayo duni, mkufu usingeungika.

Mfano ulio karibu zaidi na visiwa vyetu ni riale ya Maria Theresa, iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki. Katika karne ya 19 riale hiyo ilitumika Unguja na Oman, na wafua fedha wa Oman waliiyeyusha wakafua vikuku na vidani. Fedha iliyomo ni asilimia 83.3, karibu sehemu moja katika sita ni shaba. Basi kila bibi aliyevaa kikuku kilichofuliwa kwa riale alivaa na shaba, wala hapana aliyemwambia kuwa amevaa uwongo.

Wahenga hawakuwa na dharau hii. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, lakini sarafu zake nyingi zilikuwa za shaba, na maandishi yake ya Kiarabu yalitiwa vina: jina la sultani upande mmoja, na kumtegemea kwake Mola upande wa pili. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu, ya Lamu ikasubiwa kwa shaba, na zote mbili ni alama za enzi. Huko bara, katika makaburi ya Ingombe Ilede nchini Zambia, wafu wa heshima walizikwa na bangili za shaba pamoja na shanga za dhahabu. Waliowazika hawakuona kuwa kimoja kinakitia aibu kingine.

Hii haina maana kwamba kila madini duni hayana lawama. Nikeli huwasha ngozi za watu wengi, na risasi ni sumu. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kumeza kijipambo cha bangili chenye umbo la moyo, ambacho karibu chote kilikuwa risasi. Kwa macho kilikuwa pambo kama mapambo mengine. Hapo ndipo penye hatia hasa, nayo haimo katika uduni wa madini bali katika kuficha ni madini gani. Sonara mwaminifu hugonga muhuri. Alama ya 750 ndani ya pete, au 925 juu ya fedha, ni ungamo: hukiri kwamba pana kitu kingine humu, na hukitaja kiasi chake. Shaba inayouzwa kwa jina la shaba haijamdanganya mtu.

Mhakiki wa ushairi ana la kujifunza kwenye muhuri huo. Wako wanaoipima diwani kwa usafi wa Kiswahili chake, wakilitupa kila neno lenye harufu ya ugeni. Lakini "dhahabu" na "fedha" ni maneno ya Kiarabu, "bangili" imetoka Bara Hindi, na "leso" ni ya Wareno. Lugha wanayoilinda imekwisha kutiwa shaba zamani, na ndiyo maana haikupinda. Kinachostahili lawama ni tafsiri inayojifanya utunzi, na vina vilivyochovywa juu ya wazo la watu wengine. Hizo ni bidhaa zisizo na muhuri.

Washairi nao wana deni kwa mwanamke mwenye timbi za shaba. Amezinunua kwa jina lake, anazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zing'ae, na hajamwambia yeyote kuwa ni dhahabu. Katika beti zilizomfanya mfano wa uwongo, mkweli ni yeye.